Tumbili wangu, rafiki yangu

Kitabu tulikinunua shilingi 2,000 upande wa Posta hapa Dar es Salaam, kwa wale wanaotandaza vitabu vya mtumba chini kwenye turubai. Jalada lilikuwa limelegea na ukurasa wenye jina umechanwa, lakini picha zote zilikuwepo: mtoto, msitu wenye theluji, na mbweha. Usiku nikamsomea binti wa dada yangu, ana miaka 6, kwa Kiswahili nilichokuwa nakitunga papo hapo kwa sababu maandishi yalikuwa ya Kiingereza. Mtoto anamwona mbweha. Mbweha anakimbia. Mtoto anamwachia mkate. Mbweha anarudi. Kurasa chache mbele wamelala pamoja kando ya moto, mkia wa mbweha umefunika miguu ya mtoto.

Jumamosi yake tukapanda Mlimani. Aliyewahi kupita pale chuo kikuu anawajua wale tumbili, wanaokagua mapipa ya taka kwa utulivu wa watu walioajiriwa kufanya hivyo. Mpwa wangu akachuchumaa, akamega andazi, akanyoosha mkono na kumkazia macho tumbili mmoja, vilevile kama mtoto wa kitabuni. Tumbili akapandisha nyusi mpaka kope zake nyeupe zikaonekana, akafunua meno. Kufumba na kufumbua, mfuko mzima wa maandazi ulikuwa juu ya mti.

Alilia kidogo, na nadhani kilichomliza ni fedheha kuliko hofu. "Mjomba, mbona rafiki yangu kanitolea meno?"

Nilimpa jibu ambalo watu wazima hulitoa bila kufikiri: wanyama pori si marafiki. Ni jibu la uvivu, na kweli yake ni nusu tu. La kitabuni nalo kweli yake ni nusu. Kati ya nusu hizo mbili kuna mambo manne au matano tofauti ambayo tumeyafunga kwenye furushi moja na kuliita urafiki. Nimekuwa nikilifungua furushi hilo kwa wiki kadhaa sasa, na niliyoyakuta ndani ndiyo haya.

Nianze na maneno ya mtoto mwenyewe. Kabla andazi halijaporwa alikuwa akisema "tumbili wangu yule pale". Baada ya hapo akasema "rafiki yangu". Kiswahili kinamchukulia kila mnyama kama mtu: simba anakuja, siafu wamepita, nyoka amelala. Mtunzi wa hadithi za watoto kwa lugha yetu hana haja ya kuhangaika ili mnyama aonekane ana nafsi, lugha imeshaifanya kazi hiyo. Lakini likija suala la kumiliki, mambo yanagawanyika. Mbuzi wangu, paka wangu, tumbili wangu. Kisha: baba yangu, dada yangu, rafiki yangu. Najua, mke na mtoto nao ni "wangu", na wanasarufi wana maelezo yao yasiyohusu mapenzi hata kidogo. Hata hivyo napenda kwamba lugha imemketisha rafiki mkeka mmoja na ndugu, na mfugo ikamketisha kwingine. Mpwa wangu alivuka kutoka mkeka mmoja kwenda mwingine bila kujua, na kitabu ndicho kilichomvusha.

Kilimvushaje? Kwanza kwa ufupi wake. Kitabu cha picha kwa kawaida kina kurasa 32, na sababu ni ya kiwandani: karatasi kubwa ya mtambo wa kuchapa ikikunjwa hutoa kurasa 16, karatasi mbili zinatoa 32. Ukiondoa kurasa za jina na za haki, mtunzi anabakiwa na picha pana kumi na kitu za kusafiri kutoka hofu hadi mapenzi. Porini safari hiyo huchukua miezi au miaka, na aghalabu haifiki. Kitabuni hofu inaisha mtoto anapofunua ukurasa. Kati ya picha ya saba na ya nane kuna majira mazima ya baridi ambayo hakuna aliyeyachora.

Pili, kwa macho. Mwaka 1943 mtaalamu wa tabia za wanyama kutoka Austria, Konrad Lorenz, alieleza jambo ambalo kila mama analijua bila kuelezwa: kichwa kikubwa kuliko mwili, paji pana, macho makubwa yaliyokaa chini kidogo usoni, mashavu ya mviringo na viungo vifupi vinene humfanya binadamu alainike. Ni sura ya mtoto mchanga, na moyo wetu unaiitikia popote inapotokea. Mbweha halisi ana uso mwembamba, pua ndefu na mboni zilizosimama wima kama za paka. Yule wa kwetu wa shilingi 2,000 ana kichwa cha duara na macho kama vifungo vya koti. Mchoraji ametuchorea mtoto mchanga akamvisha ngozi ya mbweha.

Kwetu pwani yupo mnyama asiyehitaji hata mchoraji. Kaa usiku kandokando ya jiji, kule kulikobaki miti mikubwa, utamsikia komba akilia kama kichanga kilichotelekezwa. Mmulike tochi: macho mawili makubwa yanayowaka, kisura kidogo, vidole kama vya mtu. Katika misitu ya Pugu na Kazimzumbwi, kusini magharibi mwa jiji, anaishi komba wa Rondo, mwenye uzito wa karibu gramu 60, yaani kama yai la kuku, na mkia uliotimka kama brashi ya kuoshea chupa. Ni katika komba walio hatarini kutoweka duniani. Ukimwona utataka kumtia mfukoni. Lakini macho yale hayakuombi chochote. Ni makubwa kwa sababu komba hutafuta riziki gizani na lazima akusanye kila chembe ya mwanga. Na wanaowaza kumfuga sebuleni wajue komba wana desturi ya kujikojolea viganja na nyayo, kisha wakatembea navyo kila mahali. Wagema wa tembo la mnazi wanamjua kwa namna nyingine, ndiyo maana tunasema mlevi kama komba, na sidhani kama kuna mgema aliyewahi kumwita rafiki.

Halafu meno. Katika vitabu vya picha nyani, tumbili na sokwe hucheka, midomo imefunuka hadi kwenye masikio. Sokwe anayefunua meno namna ile mara nyingi anaogopa. Tumbili anayepandisha nyusi na kuonyesha kope nyeupe anatoa onyo, na kumkazia macho kwake ni uchokozi. Tukiyasoma yaliyotokea Mlimani kwa lugha ya tumbili, basi aliyeanza ugomvi ni mpwa wangu. Alimtazama mkubwa machoni, akamnyooshea mkono, na juu ya hayo akawa amemkalia chakula.

Sasa tuingie kwenye furushi lenyewe.

Kuzoea ni mnyama kuacha kukukimbia kwa sababu umekuja mara nyingi bila kumdhuru. Mapenzi si sharti. Mfano mzuri kuliko wote uko juu ya mabati yetu. Kunguru hawa wenye shingo ya kijivu waliletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890, wakasambaa mpaka bara, na leo wanatujua kuliko majirani wanavyotujua: wanajua saa ya mama lishe kumwaga ukoko, wanajua ni mtoto yupi hushika chapati kizembe. Wametuzoea kabisa. Lakini nani anasema kunguru ni rafiki yake? Lugha imeshahukumu: kunguru hafugiki. Tumbili wa Mlimani wako hapohapo alipo kunguru. Wamezoea watu, na kitu pekee kilichopungua ni hofu.

Upungufu wa hofu una gharama, na hakuna mahali palipoijua vizuri kama Gombe. Mtafiti wa sokwe kutoka Uingereza, Jane Goodall, alifika pale, mkoani Kigoma, Julai 1960. Mwanzoni sokwe walimkimbia kila alipotokea. Wa kwanza kumvumilia alikuwa dume mwenye ndevu za mvi aliyempa jina David Greybeard, yuleyule aliyemwona akivua mchwa kwa kutumia bua la nyasi. Sokwe huyu aliingia kambini kufuata matunda ya mchikichi, akakuta ndizi, akazichukua. Hapo ndipo hadithi ingekuwa imefika ukurasa wa 14 wa kitabu cha picha, na dunia nzima ingependa ikomee hapo. Iko hata picha yake: mtoto wa sokwe aitwaye Flint amenyoosha mkono kwa Goodall, naye Goodall amenyoosha wake. Ni miongoni mwa picha zilizojulikana sana katika historia ya utafiti wa wanyama.

Ndizi zikawa zinawekwa kwa makusudi ili sokwe waje karibu wachunguzwe. Wakaja wengi kwa pamoja kuliko kawaida yao, na ugomvi ukaongezeka. Utaratibu ukapunguzwa, na baada ya miaka ukaachwa kabisa. Mwaka 1966 ugonjwa wa kupooza, unaoaminika kuwa polio, uliwapiga sokwe wa Gombe. Wengine walikufa, wengine wakabaki wakijikokota. Sokwe wako karibu sana nasi kimaumbile, kwa hiyo maradhi yetu huwapata, hata mafua. Kugusana kukakatazwa. Leo anayekwenda kuwaona anatakiwa kubaki mbali nao, na mwenye kikohozi habebi kikohozi chake kwenda msituni.

Mwaka 2002 likatokea jambo ambalo halitaingia katika kitabu chochote cha watoto. Frodo, dume aliyezaliwa na kukua mbele ya macho ya watafiti, alinyakua mtoto mdogo wa binadamu ndani ya hifadhi na kumuua. Frodo alikuwa mwindaji hodari wa mbega, na sokwe huwinda watoto wa jamii nyingine za nyani kama sehemu ya maisha yao. Hakuna urafiki aliousaliti. Alikuwa amepoteza hofu, na hofu ndiyo iliyokuwa uzio kati yake na watu.

Wanaodhani nataka kumshusha Goodall, sivyo. Mwaka 1991 wanafunzi 12 walikusanyika barazani kwake hapahapa Dar es Salaam, na kutoka kikao kile ikazaliwa Roots & Shoots, mtandao wa vijana wa kushughulikia mazingira, wanyama na watu, ambao umeenea katika nchi nyingi. Hadi alipofariki Oktoba 2025 alikuwa bado anazunguka akizungumza na watoto. Ninachosema ni kwamba mtu aliyekaribia kuliko wote kuiishi ile hadithi ya mtoto na mbweha ndiye aliyejifunza kurudi nyuma hatua kadhaa na kuuweka mkono mfukoni.

Jambo la pili furushini ni kufuga, na hapa Kiswahili kinatukoroga, maana tunatumia kitenzi kimoja kwa mambo mawili. Mtu anafuga kuku, na mtu mwingine anaweza kusema anafuga kenge. Kuku ni mfugo: ukoo wake mzima umebadilika kwa maelfu ya miaka ya kuishi na watu, na kifaranga akizaliwa leo anazaliwa na mabadiliko hayo mwilini. Kenge uliyemfungia ni kenge aliyefungiwa tu. Hata akitulia mkononi mwako, watoto wake watazaliwa pori kama babu zao. Utulivu wa mnyama mmoja haurithiwi.

Na bahati nzuri kuna watu waliolipima hili kwa mbweha. Mwaka 1959 mwanasayansi wa Kisovieti, Dmitri Belyaev, alianzisha kazi Novosibirsk, Siberia, kwa mbweha waliotoka kwenye mashamba ya manyoya. Hakuwafundisha, hakuwabembeleza. Kila kizazi alichagua wale wachache wasiomwogopa mtu wala kumng'ata, akazalisha kutoka kwa hao pekee. Vizazi vikapita, wakaanza kutokea mbweha wanaotikisa mkia wakimwona mtu, wanaolia wakitaka kushikwa, wanaolamba mikono. Baadhi wakawa na masikio yaliyolala na madoa kama mbwa wa mtaani. Kizazi cha 10, watoto wa mbweha wenye tabia hiyo ya kumtafuta mtu walikuwa asilimia 18. Kizazi cha 20, asilimia 35. Mbweha huzaa mara moja kwa mwaka. Nikapiga hesabu: mtoto wa kitabuni, ambaye namkadiria miaka 6, angekuwa na miaka 26 na bado theluthi mbili ya mbweha zake zingekuwa hazitaki kulala miguuni pake.

Si kila mnyama anakubali, hata ukiwa na subira. Punda wetu wa kubeba maji ametokana na punda mwitu wa Afrika, karibu miaka 7,000 iliyopita. Punda milia, binamu yake, hajawahi kuwa mfugo; Wajerumani walipotawala hapa walijaribu, wakashindwa. Paka naye ana hadithi ya peke yake, kwa sababu hakuna dalili kwamba kuna aliyemwinda akamfunga kamba. Wakulima wa kale wa Mashariki ya Karibu walijaza nafaka ghalani, panya wakaja, paka pori wakafuata panya. Huko Cyprus limepatikana kaburi la miaka kama 9,500 iliyopita, mtu na paka wamezikwa karibu karibu. Kwa hiyo ukiona paka wa sokoni Kariakoo amelala juu ya gunia la mchele kama vile gunia ni lake, jua anaendeleza mkataba mkongwe: wewe una nafaka, mimi nina kucha.

La tatu, chapa ya utotoni, linaweza kupita haraka, maana kila aliyefuga bata uani amelishuhudia. Unamlalisha kuku mayai ya bata. Vifaranga wanaanguliwa, kiumbe cha kwanza wanachokiona kikitembea ni kuku, basi huyo ndiye mama. Wanamfuata popote, mpaka siku wanapoingia kwenye dimbwi na kuku anabaki ukingoni akipiga kelele kama mwendawazimu. Lorenz alilichunguza jambo hilo kwa mabata bukini waliomfuata yeye mwenyewe, na mwaka 1973 alikuwa mmoja wa watatu walioshiriki Tuzo ya Nobel kwa utafiti wa tabia za wanyama. Vitabu vingi vya watoto vyenye mnyama yatima vinategemea chapa hii ya utotoni. Visichosema ni mwisho wake. Dume la swala au kulungu lililonyonyeshwa kwa chupa likikomaa hutafuta mpinzani wa kupigana naye, na kwa kuwa linajiona ni mtu, litamchagua mtu. Pembe zake hazijui kwamba uliwahi kulilisha.

Mpaka hapa ningeweza kumrudia mpwa wangu na jibu langu lilelile la uvivu. Lakini tunayo hadithi yetu wenyewe ya mtu na mnyama wa porini, ya zamani kuliko kitabu chochote cha Posta. Ilisimuliwa Zanzibar, na Edward Steere akaichapisha London mwaka 1870. Ni habari ya Haamdani, maskini aliyechakura jaani kutafuta punje za mtama. Siku moja anaokota thumuni, na badala ya kununua chakula ananunua paa. Watu wanamcheka: wewe mwenyewe huna cha kula, huyo atakula nini? Usiku paa anamsemesha. Anamwomba ruhusa ya kwenda kujilisha mwenyewe porini mchana na kurudi jioni.

Haamdani anamwacha aende. Majirani wanasema paa amekwenda, hatarudi tena. Jioni paa anarudi, na kesho yake hivyohivyo. Baadaye anapata almasi huko malishoni, anaipeleka kwa Sultani Darai, anamwozesha Haamdani binti wa sultani, anamuua nyoka mkubwa na kumpatia bwana wake nyumba ya kifalme. Kisha paa anaugua. Anatuma ujumbe kwa Haamdani, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Haamdani anajibu kwamba apikiwe uji wa mtama ule duni. Paa anakufa, anatupwa kisimani. Haamdani analala katika nyumba yake ya dhahabu, anaamka yuko jaani, anachakura.

Watoto wa siku hizi hawaijui, na ukiwasimulia wanakasirika vizuri sana. Mpwa wangu alitaka Haamdani apigwe. Mimi kilichonikamata ni ile ruhusa ya kwenda malishoni. Katika vitabu vya picha vya aina ya mbweha, kilele ni mnyama kuingia ndani na kubaki. Katika hadithi ya Haamdani, uhusiano unathibitika siku mnyama anapotoka, ana miguu minne na pori zima mbele yake, na anarudi kwa hiari. Na anayeshindwa kuwa rafiki ni binadamu.

Mtasema paa huyo anasema Kiswahili, hiyo ni ngano. Kweli. Basi njooni kwa ndege asiyesema Kiswahili.

Yupo ndege mdogo wa rangi ya udongo, wengine humwita mlembe, anayekula nta. Nta iko ndani ya mzinga, mzinga umo ndani ya shina la mti, na nyuki wana miiba. Binadamu ana moto na shoka, lakini hajui mzinga ulipo. Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi hupiga mbinja, ndege anaitika, anatangulia mti hadi mti akilia, watu wanafuata. Wayao walio kaskazini mwa Msumbiji, ndugu wa hao wa Tunduru na Masasi, wana mwito mwingine: mtetemo wa sauti unaomalizikia kwa mguno. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulipima mwito huo wa Wayao. Ukitembea porini ukiutoa, uwezekano wa kupata ndege wa kukuongoza unapanda kutoka asilimia 33 hadi 66, na wa kuonyeshwa mzinga kutoka asilimia 17 hadi 54. Utafiti mwingine wa mwaka 2023 ukaonyesha kwamba ndege wa Uhadzabe wanaitikia zaidi mbinja za Kihadzabe, na wa kule kwa Wayao wanaitikia zaidi mwito wa Kiyao. Ndege amejifunza lugha ya majirani zake.

Nani alimfundisha? Si wazazi wake. Mlembe hutaga katika viota vya ndege wengine, na kifaranga wake huzaliwa na kulabu mdomoni za kuwaulia watoto wa mwenye nyumba. Kiumbe huyu hana hata chembe ya sura ya kichanga ya Lorenz. Hafungwi, hashikwi, hapewi jina. Wayao humwachia nta kama ujira. Wahadzabe mara nyingi humnyima, wanaificha au wanaichoma ili abaki na njaa na kuendelea kuongoza. Ni mkataba wenye ukali ndani yake, kama mingi ya binadamu. Lakini kila upande unakuja kwa miguu au mabawa yake na unaweza kuondoka, na umedumu vizazi visivyohesabika. Kama kuna uhusiano wa mtu na mnyama wa porini ninaoweza kuusemea "yangu" na si "wangu" bila kuona haya, ni huu.

Kuna mambo mawili ya kimjini ambayo siwezi kuyaruka. Kumweka mnyamapori nyumbani bila leseni ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, hata awe kikomba cha gramu 60 na hata uwe na nia njema. Na mtoto aking'atwa au kuparuzwa na mnyama yeyote anayenyonyesha, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda kituo cha afya siku hiyohiyo ukaulizie chanjo ya kichaa cha mbwa. Ugonjwa huo dalili zikishaanza karibu kila mgonjwa hufa. Msisubiri kuona.

Kitabu sikukitupa. Tunakisoma bado, ila nimeongeza swali moja kila tunapofunua ukurasa: mbweha anaweza kuondoka? Kwenye theluji, anaweza. Kwenye ukurasa wa mkate, anaweza, anaukwapua mkate na kukimbia, na mpwa wangu anaupenda ukurasa huo sasa kuliko mwingine wowote. Tulipofika ule wa mwisho, wa moto na mkia, alikaa kimya akiukagua. Kisha akaweka kidole kwenye kona ya picha, mahali ambapo mimi sikuwahi kutazama.

"Mlango umefungwa."

Wiki iliyofuata tulipita tena Posta. Akamuuliza muuza vitabu, kwa adabu zote, shikamoo kwanza, kama ana kitabu cha ndege wa asali. Muuzaji akapekua turubai zima, akainua viwili vitatu, akavirudisha. Cha ndege wa asali hana. Anacho cha dubu, 2,500, kwa kuwa jalada lake zima.